Yaya, tuuze parsele juu ya mgongo wa bwana yangu?

Yaya, mkubwa wangu mwenye kujibu barua, jambo yako. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Katuba hapa Lubumbashi, jina langu usiliweke juu wakwe zangu wanasomaka hapa.

Bwana yangu ni makanika kwa sosiete moja ndogo yenye inachukua kazi chini ya sosiete kubwa ya mgodi, njia ya Likasi. Mwaka jana wakati wa mvua walikuwa wananyanyua pompo ya maji kwa mikono juu mashini ya kubebea ilikuwa imekufa, akasikia kitu kimekatika kwa kiuno, akakaa chini, wenzake wakacheka wakafikiri amechoka tu. Infirmye wa kule akampiga sindano akampa vidonge, akarudi nyumbani na basi ya kazi. Tangu pale maumivu yanaanzia kiunoni yanapita kwa tako la kushoto yanashuka mpaka kwa kidole kidogo cha mguu, usiku analala chini kwa mkeka, kitanda hakiwezi tena. Tumefanya masaji, tumefanya dawa ya miti, tumefanya mafuta ya maombi, mwisho dokta akatuma IRM, ile picha ya mashini inayoonyesha ndani ya mgongo. Protokoli yake, ile karatasi ya majibu, nimekutumia pamoja na barua hii.

Dokta wa mgongo akasema ni opereshoni, akatupa devi, karatasi ya bei. Iko hivi: konsiltasio na labo 250, chumba cha opereshoni na anestezi 1.900, materyeli 3.200, honoreri za madaktari 1.600, kitanda na dawa 850. Jumla 7.800. Dola, siyo franka. Na kabla ya kuingia tuweke kosio, yaani pesa ya dhamana, ya 5.000.

Nikaenda kwa biro ya personeli. Mama wa pale akaniambia sosiete ina asiransi (bima) lakini plafo, mpaka wa kulipa, ni dola 2.000 kwa mwaka kwa kila mtu, na juu ya IRM na dawa tulishakula 600, basi inabaki 1.400, ingine ni juu yenu mtafute. Alisema kwa mdomo tu, hakunipa karatasi. Na kontra ya bwana yangu inaisha mwezi wa tisa, labda wataongeza labda hapana.

Sasa shemeji, mdogo ya bwana yangu, iko Marekani kule Texas, yeye pia walimpasua mgongo. Anasema fakture yake ilifika dola elfu tisini na kitu na yeye alilipa elfu sita tu, asiransi ikamaliza. Anasema ya Kongo ni wizi, twende Inde (India), anajua mtu wa Kinshasa mwenye anapanga safari kwa 6.500, "yote ndani". Baba mkwe anasema tuuze parsele (kiwanja) ya Kisanga, yenye tulinunua na makuta (pesa) ya likelemba yangu, ile ya kuchangiana kwa zamu, na fondasio tulishaweka. Bwana yangu hasemi kitu, anaangalia ukuta.

Yaya, nielewesha. Namna gani opereshoni ile ile mmoja anaambiwa elfu tisini analipa sita, mwingine anaambiwa elfu saba na mia nane analipa karibu yote? Na sisi tuko watu wa asiransi ao watu bila asiransi? Na parsele, tuuze?

Mama wa Katuba

JIBU

Mdogo yangu, nianze na la mwisho ili ulale: hapana, msiuze. Siyo mwezi huu, na siyo kabla kuna karatasi fulani haziko mkononi mwako. Nitakuambia ni zipi.

Ila kwanza kitu cha mwili, hiki hakingoji makuta. Siku bwana yako ataanza kushindwa kukojoa, ao mkojo unatoka bila yeye kujua, ao katikati ya mapaja kunakufa ganzi kama hakuna ngozi, ao mguu unalegea na nguvu inapungua siku kwa siku, mnaenda hospitali saa ileile, usiku ao mchana, na devi mtaijadili mkishafika. Mishipa inayokandamizwa namna ile ikichelewa hairudi vizuri, wengine hairudi kabisa. Kama hana hayo, basi mna wakati wa kuuliza maswali, na maswali ndiyo yatawapunguzia bei.

Mimi si daktari. Protokoli yako nimemuonyesha daktari mmoja tunayefahamiana naye miaka mingi, akaisoma mara mbili, halafu akaniuliza devi iko wapi, nikampa, akaweka kidole kwa mstari wa tatu: materyeli 3.200. "Ya nini?" Hilo ndilo swali lake lote. Protokoli inasema diski kati ya pingili L5 na S1, za chini ya mgongo, imetoka upande wa kushoto inafinya mshipa. Hiyo inaelezea kabisa kwa nini maumivu yanafika kwa kidole kidogo. Haisemi pingili imeteleza, haisemi mgongo umelegea. Kwa diski ya namna hiyo opereshoni ya kawaida ni kutoa kile kipande kinachofinya, basi, wanafunga, na hakuna chuma kinachobaki ndani. Materyeli kwa mgongo maana yake mara nyingi ni vise, zile skrubu za titani, pamoja na fimbo zake: kwa kuunganisha pingili mbili wanawekaka vise nne na fimbo mbili, wakati mwingine na kisanduku kidogo pahali pa diski. Hiyo ni opereshoni ingine, kubwa zaidi, saa nyingi zaidi, siku nyingi za kitanda, na vyuma vyote vinatoka nje ya nchi, kila vise ina bei yake. Hapo ndipo bei ya mgongo inaruka, kwa Lubumbashi, kwa Johannesburg, kwa Marekani, popote.

Sisemi dokta wenu anaiba. Anaweza kuwa ameona kitu kwa picha chenye protokoli haikuandika, na mgongo ni kazi yake siyo yangu. Nasema ana deni la kukueleza. Rudi kwake pamoja na bwana yako, na heshima zote, umuulize: Dokta, ni kutoa diski peke yake ao ni kufunga pingili? Kama ni kufunga, sababu ni gani? Vise ngapi, moja bei gani, nani anaziuza? Zikibaki tunarudishiwa? Kile kitanda cha 850 ni siku ngapi, na siku ikizidi ni ngapi? Kine ya baada, ile mazoezi ya mwili na mtaalamu, iko ndani ao ni ya kwetu? Uombe ayaandike kwa devi mpya. Na halafu mpeleke IRM ile ile kwa daktari mwingine wa mgongo, mwenye hana faida na hiyo opereshoni. Madaktari wa hii kazi kwetu ni wachache, najua, lakini picha ya IRM inaweza kusafiri kwa CD bila mgonjwa, Kinshasa, Lusaka, fasi yoyote, na konsiltasio moja ni makuta kidogo sana mbele ya 7.800.

Na kine, mdogo yangu, umeniandikia masaji, dawa ya miti na maombi, kine sikuiona. Masaji siyo kine. Watu wengi wenye diski imetoka wanapona ndani ya wiki sita mpaka kumi na mbili bila kisu, na hata wale wanaochelewa, wengi wanaendelea kupata nafuu polepole. Kuna uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2006, walifuata wagonjwa wa diski, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, pande zote mbili walipata nafuu, ila waliopasuliwa waliipata haraka zaidi. Kwa bwana yako miezi imeshapita nyingi, kwa hiyo dokta kutaja opereshoni siyo ajabu. Lakini uliza hiyo pia.

Sasa shemeji wa Texas. Hakusema uongo, amekueleza nusu. Ile elfu tisini ni bei ya kwenye karatasi ya hospitali. Kampuni ya asiransi yake ilishapatana na ile hospitali bei yake ya chini kabla hata mgongo haujamuuma, kwa hiyo hiyo elfu tisini pengine hakuna mtu aliyeilipa, hata asiransi yenyewe. Yeye alilipa kwanza kiasi cha kuanzia cha mwaka, kisha asilimia ya zilizobaki, mpaka akagonga plafo. Na plafo yao, sikia vizuri, inafanya kazi kinyume na ya kwenu. Ya kule inamlinda mgonjwa: kwa asiransi nyingi, mwaka 2025 sheria ilisema mtu mmoja hapashwi kutoa mfukoni zaidi ya dola 9.200 kwa mwaka, jamaa nzima 18.400, kwa matunzo yenye asiransi imekubali na kwa hospitali zilizo kwenye orodha yake. Akishafika pale, kinachobaki ni cha kampuni. Ya kwenu inalinda kampuni: ikishatoa 2.000, kinachobaki ni chenu. Ndiyo maana yeye alilipa sita kwa tisini na ninyi mnaambiwa 6.400 kwa 7.800. Tena hajakuambia wanamkata kiasi gani kwa mshahara kila mwezi, awe mgonjwa ao mzima, umuulize siku moja.

Na Marekani kuna wengi hawana asiransi. Hao ndio wanaanguka kwa ile bei ya karatasi na wanapashwa kuipigania ishuke. Ila sheria inawapa kitu chenye wewe huna: tangu mwaka 2022 hospitali lazima iwape makadirio kwa maandishi kabla, na fakture ikija ikapita makadirio kwa dola 400 ao zaidi wanaweza kuipinga. Pia hospitali zile zisizolipa kodi juu ya kuwa za misaada lazima ziwe na mpango wa kupunguzia ao kusamehe maskini. Kama shemeji atasema mumpeleke bwana yako kule kwa viza ya kutembea, jibu ni rahisi, kule bwana yako atakuwa mtu bila asiransi, bei ni ya elfu tisini siyo ya elfu sita.

Umeniuliza ninyi mko wapi. Mko katikati, na mko na nguvu zaidi kuliko yule mama wa personeli alivyokuambia. Wazee wetu wa Gécamines, ile sosiete ya serikali ya shaba, walikuwa wanaingia hospitali ya kampuni na karte tu, wao na bibi na watoto, hakuna mtu aliwaambia neno plafo. Siku hizi sosiete hazijengi hospitali, zinanunua asiransi, lakini deni halijahama. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema mwajiri ndiye anamtunza mfanyakazi na jamaa yake akiwa mgonjwa: daktari, upasuaji, dawa, kulazwa, mpaka kontra iishe. Plafo ya 2.000 ni mapatano ya sosiete na kampuni ya asiransi, bwana yako hakutia sinyatire pale. Kwa hiyo 1.400 ni kile kinachobaki kwa asiransi. Kinachobaki kwa mwajiri ni swali lingine, na hilo bado hamjaliuliza kwa maandishi.

Mtaliuliza hivi. Bwana yako aandike barua, siyo wewe, aombe prizanshaji ya opereshoni, yaani sosiete ikubali kuilipia, aambatanishe protokoli na devi mpya, aipeleke na kopi, kopi igongwe kashe (muhuri) ya kupokea na tarehe. Wakikataa, wakatae kwa barua. Ukipewa jibu la mdomo huna kitu, kesho yule mama atahamishwa na hakuna mtu atakumbuka alisema nini. Na "tutawasaidia" siyo prizanshaji. Prizanshaji ni karatasi yenye jina la mgonjwa, jina la hospitali, opereshoni gani, kiasi gani, na sinyatire, na hospitali iwe imeipokea kabla ya siku ya kuingia, la sivyo mlangoni mtadaiwa kosio kama mtu asiye na kitu. Hapo ndipo watu wengi wa asiransi wanalipa kama hawana asiransi, mgonjwa ameingia, karatasi haijaingia.

Haya, na ile pompo. Aliumia kazini, mdogo yangu, saa za kazi, akinyanyua kitu cha kazi! Umeiandika kama hadithi ya kupita lakini mimi nilisimama pale. Ajali ya kazi ni mambo ya CNSS, kasha ya serikali ya hifadhi ya jamii, ile zamani tulikuwa tunaita INSS, kuna mfuko wa hatari za kazi wenye mwajiri peke yake anauchangia, na matunzo ya ajali hayaendi na tarehe ya mwisho ya kontra. Je, walitoa deklarasio ya ajali kwa CNSS? Ninavyosoma barua yako, hapana, walitoa sindano. Bwana yako atafute kaye (daftari) ya infirmye ya siku ile, kwa kawaida kituo cha kazi kinaandika nani alikuja na alipewa nini, apate kopi ao hata picha ya telefone, na majina ya wale waliocheka, leo wanaweza kuwa mashahidi. Aende CNSS mwenyewe na hiyo dosie, bila kungoja mwajiri, maana kadiri siku zinapita watasema mgongo uliuma kwa sababu ya kulima shamba. Sosiete ikikaza shingo, pahali pa kwanza ni kwa enspektere wa kazi, yeye anaita pande zote mbili kwa mapatano, na tribinali haipokei kesi kama haijapita kwake. Mengi yanaishia pale. Yote haya kabla ya mwezi wa tisa, tafadhali.

Kitu kingine, muda atakaokaa nyumbani kwa ugonjwa na kontra bado inatembea, sheria inampa theluthi mbili ya mshahara. Uliweka hiyo kwa hesabu? Maana hesabu ya mgongo haiishi kwa fakture: kuna korse, taksi ya kwenda kine na kurudi, chakula cha hospitali, na wewe mwenyewe utaacha biashara yako kumlinda.

Inde nitaipita haraka. Madaktari wazuri wapo na watu wetu wanarudi wamepona, sikatai. Lakini "yote ndani" uiombe kwa maandishi kutoka hospitali yenyewe, siyo kutoka kwa mtu wa Kinshasa, mtu wa kati mara nyingi anakula komisio. Forfe, ile bei moja ya jumla, inahesabu usiku fulani tu. Usiku wa kuzidi, reanimasio (chumba cha mahututi), damu, vise za kuongeza, hoteli ya kungojea mpaka dokta aruhusu ndege, viza na bileti ya wa kumlinda, hivyo vinakuja juu. Na kidonda kikichafuka akisharudi Katuba, nani anakifungua? Dokta wa hapa atakiangalia, lakini atakilipisha upya. Kwa kutoa diski peke yake sioni sababu ya kuvuka bahari. Kama kweli ni vise, na dokta wa pili anakubali, tutaongea tena.

Fanya hesabu moja nami. Kama maoni ya pili yanasema ni diski tu, ondoa materyeli, 7.800 inakuwa 4.600, na pengine kitanda pia kinapungua. Ondoa 1.400 ya asiransi, inabaki 3.200, hata kama mwajiri atakataa kila kitu na CNSS italala. Makuta yenye shemeji alikuwa tayari kutafuta kwa ajili ya bileti za Inde, aziweke pale. Kosio pia inajadiliwa, muulize mhasibu wa hospitali, siyo dokta, kama wanakubali nusu mbele na nusu kwa miezi, na muandikishane, maana ukiingia bila maandishi unaweza kupona na ukazuiwa kutoka juu ya fakture.

Baba mkwe umwambie yaya amesema parsele ingoje. Na bwana yako asome barua hii yeye mwenyewe, ile barua ya sosiete inataka mkono wake, na kuandika anaweza hata akiwa amelala kwa mkeka.